Kiboti cha plaiwudi kwa watoto: vipimo, ujenzi na usalama

Magogo makubwa ya kuchonga mitumbwi yamekuwa adimu. Lakini msikilizaji mwenye msumeno na nyundo anaweza kutengeneza kiboti kidogo cha mtoto kujifunzia kupiga kafi, kwa bapa moja tu la plaiwudi. Urahisi wa bei, hata hivyo, usituondolee tahadhari: chombo kilichopimwa vibaya huzamisha mtoto.

Chagua plaiwudi

Chagua ya milimita 6, iliyogundishwa kwa gundi isiyoachia majini. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, ukichemshe kwa saa kadhaa. Tabaka zikiachana, plaiwudi hiyo ni ya dari, si ya maji.

Kata hivi

Bapa la futi 8 kwa 4 lina sentimita 244 kwa 122. Kata kwanza sentimita 200 za urefu. Baki la sentimita 44 liweke kando. Kile kipande kikubwa kipasue: sakafu sentimita 60, na mbavu mbili za sentimita 30 kila moja. Sentimita 2 zinazobaki zinaliwa na msumeno.

Kwenye kila ubavu, pima sentimita 20 kutoka kila ncha kwa upande wa chini, kisha kata mshazari hadi kona ya juu. Sasa chini ni sentimita 160, juu 200. Sakafu nayo ikate iwe 160. Kwenye lile baki toa vipande viwili vya sentimita 60 kwa 36, vya kufunga mbele na nyuma.

Unganisha kwa vijiti vya mbao vya sentimita 2 kwa 2 kwenye kila kona ya ndani, kwa gundi isiyopitisha maji na skrubu zisizoshika kutu, kila baada ya sentimita 10. Kingo za plaiwudi ndizo hunywa maji kwanza, kwa hiyo zipake gundi kabla ya rangi. Malizia kwa mikono mitatu ya rangi ya mafuta.

Kitabeba nini?

Kila lita 1 ya maji inayosukumwa na chombo hubeba takriban kilo 1. Sakafu yetu ikizama sentimita 1, inasukuma lita 9 na nusu hivi. Tuseme kiboti kina kilo 20 na mtoto kilo 35: jumla kilo 55. Kitazama karibu sentimita 6, na ubavu utabaki sentimita 24 juu ya maji. Hicho ni chombo cha mtoto mmoja, au wawili wadogo.

Mtoto aketi sakafuni. Usiweke kiti cha juu, wala asisimame. Uzito ukipanda juu, kiboti chembamba hupinduka upesi. Ukitaka kilicho imara zaidi, ongeza upana kabla ya urefu. Hapo utahitaji bapa la pili.

Kabla mtoto hajapanda

Funga kwa kamba imara dumu tupu la lita 10 mbele na jingine nyuma, vifuniko vikiwa vimekazwa. Kiboti kikijaa maji, madumu hayo yatakisaidia kuelea ili mtoto apate pa kushika.

Jaribu mwenyewe kwanza: kipeleke kwenye maji ya magotini, ukijaze maji, ukipindue. Kikizama au madumu yakichomoka, rudi kwenye karakana.

Mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, hata kama anajua kuogelea. Mtu mzima anayejua kuogelea awe karibu, na kiboti kifungwe kamba ndefu hadi nchi kavu. Upepo ukianza kuvuma kutoka ufukweni kwenda kilindini, mtoto atoke majini. Na penye mamba, viboko au kichocho, kiboti kibaki nyumbani, hata kiwe kimeundwa vizuri namna gani.