Je, wajua? Taiko huanzia mdomoni

Chukua tairi kuukuu la gari. Hapa Likasi, Katanga, matairi kama hayo hayakosekani, yamelala nyuma ya kila gereji. Lizungushie utepe wa plastiki wa kufungia maboksi, tabaka juu ya tabaka, ukiuvuta mpaka ukaze kama ngozi. Tafuta vijiti viwili vya mti mgumu, vyenye urefu wa sentimita 40 hivi. Umepata ngoma ya kujifunzia. Hivi ndivyo vikundi vingi vya taiko, vya mitaani na vya shuleni, vinavyowafundisha wanaoanza, kwa sababu ngoma yenyewe ni ghali mno.

Ghali kwa nini? Taiko, kwa Kijapani, ni ngoma nene. Ile inayojulikana zaidi huitwa nagado-daiko, yenye umbo la pipa. Huchongwa kutoka gogo moja la keyaki, mti mgumu na mzito. Gogo hutobolewa, kisha huachwa likauke kwa miaka, maana likiharakishwa litapasuka. Ngozi ya ng'ombe huwambwa pande zote mbili, na hapo ndipo penye kazi: kamba huvutwa, jeki kama zile za kuinulia lori husukuma kutoka chini, naye fundi hupanda juu ya ngozi na kuikanyagakanyaga mpaka ivutike tena. Akiridhika na sauti, huipigilia misumari yenye vichwa vikubwa kuzunguka ukingo. Basi. Haikazwi tena mpaka siku ya kubadilishwa ngozi. Kampuni ya Asano, mkoani Ishikawa, imekuwa ikiunda ngoma za namna hii tangu 1609.

Mpigaji wa kwetu, aliyezoea kuisogeza ngoma yake motoni kabla ya mchezo, angeona hilo ni jambo geni. Moto huondoa unyevu, ngozi hujikaza, sauti hupanda. Ikipoa, anairudisha kwenye moto. Wajapani nao wanayo ngoma ya kukazwa kila mara, shime-daiko, ndogo na yenye kamba, ambayo sauti yake kali hushika mwendo ili wengine wasipotee. Yeyote aliyesikiliza gitaa la zamani la Katanga anaijua kazi hiyo: kwetu ilifanywa na chupa inayogongwa bila kuchoka pembeni ya mpiga gitaa.

Sasa piga katikati ya ngoma kubwa. Ngozi yote hushuka na kupanda kwa pamoja, kama kifua kinachopumua. Hewa iliyofungiwa ndani huisukuma ngozi ya upande wa pili, nayo huirudisha. Sauti hutoka nzito, ukaisikia kwa mbavu pamoja na masikio. Piga karibu na ukingo: ngozi hugawanyika sehemu sehemu, moja ikipanda nyingine ikishuka. Uzi wa gitaa una hesabu nyepesi, kwani mtetemo wake wa pili una kasi mara 2 ya ule wa kwanza. Ngozi ya duara, kwa hesabu, inatoa mara 1.59. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya iwe vigumu kuimba noti ya ngoma kubwa, ingawa mwili mzima umeitambua.

Mwanafunzi wa taiko hapewi hesabu hizo. Hapewi hata karatasi. Huanza kwa kuitamka ngoma, kwa desturi iitwayo kuchi shoga. Pigo zito la katikati ni don. Mapigo mawili ya haraka, mkono wa kulia na wa kushoto, ni doko. Pigo jepesi ni tsu. Kijiti kikigonga ukingo wa mbao ni ka. Mwalimu husema don doko don doko, darasa huitikia, tena na tena, mpaka mdomo uache kukosea. Mikono huja baadaye. Na kabla ya mikono huja miguu: mguu wa kushoto mbele, goti likunjwe, kiuno kishuke. Mtu anayepiga kwa mabega tu huchoka upesi. Nguvu hutoka ardhini, hupita nyongani, ndipo ifike kwenye kijiti.

Katika Katanga pia ngoma na mdomo ni ndugu, ila kwa njia nyingine. Gogo lenye mpasuo, ambalo hutoa sauti ya juu na sauti ya chini, huweza kutuma ujumbe kwa Kiluba, kwa kuwa katika lugha hiyo neno hubeba toni, juu na chini, na gogo huiga toni hizo. Mmisionari John Carrington, aliyejifunza ngoma hizi upande wa Kisangani na kuchapa kitabu juu yake 1949, alieleza pia kwa nini ujumbe wake ni mrefu: maneno mengi yana toni zinazofanana, hivyo jina la kitu huongezewa sifa zake mpaka msikilizaji asiweze kukosea. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Lugha tunayopatania bei sokoni Likasi haiwezi kusemwa kwa gogo lile, ilhali lugha ya bibi, Kiluba, inaweza. Mimi hilo hunigusa kila nikilifikiri.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukiwaona Wajapani kumi au ishirini wakipiga ngoma kwa pamoja, mikono ikipanda kama mkono mmoja, utadhani unaona kitu cha enzi za wafalme wa kale. Ngoma yenyewe kweli ni ya kale. Iko sanamu ya udongo ya mpiga ngoma iliyotengenezwa Japani katika karne ya 6. Lakini kundi, lile jeshi la ngoma kubwa na ndogo jukwaani, lilianza 1951. Jina lake ni kumi-daiko, na kumi hapa si tarakimu yetu bali ni kundi. Mwanzilishi wake, Daihachi Oguchi wa Okaya, mkoani Nagano, alikuwa mpiga ngoma za jazi. Alipata maandishi ya kale ya mapigo ya hekaluni, akaona ni mepesi mno kwa masikio yake, akagawa kazi ya ngoma za jazi kwa watu wengi wenye ngoma za ukubwa tofauti. Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, ilikuwa tayari na reli na kiwanda cha shaba cha Shituru. Mji wetu ni mkubwa wake kwa umri.

Mwaka mmoja baadaye, 1952, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipita hapa Jadotville na mitambo yake ya kurekodi, akakutana na kijana mpiga gitaa wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean-Bosco. Wimbo wake "Masanga" ukanaswa na kusikika mbali. Okaya na Jadotville hazikujuana, lakini kazi ilikuwa moja: mtu anachukua chombo au mtindo wa mbali, anautia mapigo ya kwao, na watoto wa mtaa wanamwiga.

Uigaji huo ndio uliovusha taiko bahari. Seiichi Tanaka alifungua darasa San Francisco 1968. Mwaka uliofuata, waumini wa hekalu la Kibudha la Senshin, Los Angeles, walianzisha kundi la Kinnara bila fedha za kununua ngoma, wakachukua mapipa ya mvinyo, wakayawamba ngozi wenyewe, wakawaonyesha wengine namna ya kufanya. Wanawake, ambao zamani hawakuruhusiwa kuzishika ngoma nyingi za ibada, leo ndio walio wengi katika makundi ya Amerika Kaskazini. Jirani zetu wa Rwanda wamefanya vivyo hivyo: Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma, lilianzishwa Butare 2004.

Japani na Likasi zimewahi kukutana, na mkutano wa kwanza ulikuwa mchungu. Mgodi wa Shinkolobwe uko kama kilomita 20 kutoka hapa. Urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika shimo lile. Hakuna aliyewaeleza wachimbaji waliokuwa wakipakia mawe hayo kuwa yanakwenda kufanya nini. Miaka ya 1970 Wajapani wenyewe walikuja kuchimba shaba Musoshi, kuelekea mpaka wa Zambia, kisha wakaondoka. Madini yamefika kwao kabla ya ngoma kufika kwetu. Natamani ngoma nayo ipite.

Kwa hiyo nimefunga tairi langu, na watoto wa jirani wamelizunguka. Tairi ni moja, wao ni saba. Katika madarasa ya taiko pia ngoma huwa pungufu, na dawa yake inajulikana: mmoja hupiga, halafu huhama, anayefuata anaingia bila mwendo kukatika. Wanaosubiri hawakai kimya. Wanapiga mapajani na kutamka don doko, na wa mwisho kwenye mstari, aliye mdogo kuliko wote, ndiye anayetamka kwa sauti kubwa zaidi.