Chipu ya pasipoti haidhuru mwili, vifaa vya tiba ndivyo vya kuchungwa

Wasafiri wengi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki sasa hubeba pasipoti ya kielektroniki yenye chipu. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, Tanzania ikafuata Januari 2018. Je, chipu hiyo ina madhara kwa afya?

Chipu haina betri. Hukaa kimya hadi isogezwe sentimita chache karibu na mashine ya afisa uhamiaji, inayorusha mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, hupata nguvu kwenye mawimbi hayo hayo, ikajibu. Mawimbi ya namna hii si kama eksirei: hayana nguvu ya kuvunja vinasaba.

Linalostahili tahadhari ni mashine zinazosoma chipu, hasa penye vifaa vya tiba. Mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya majaribio 123 kwa vifaa 41 vya hospitali. Mawimbi yaliviingilia mara 34, na mara 22 kati ya hizo kwa namna ya hatari: mashine za kupumulia zilizimika, pampu za dawa zikasimama. Kwa bahati njema hapakuwa na mgonjwa aliyeunganishwa navyo, na masafa yaliyotumika hayakuwa ya pasipoti.

Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kifuani hana sababu ya kuiogopa pasipoti yake. Ila asiegemee mashine ya kusomea chipu, na kwenye milango ya madukani inayonasa wezi apite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama.