Wanajua, Mbona Hawatumii? Uzazi wa Mpango Ndani ya Ndoa

Mwaka jana nilipokuwa fildi, nilipanga chumba kwa mama mmoja, kijiji cha Kanda ya Ziwa. Jioni moja alibisha hodi akiwa ameshika kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la khanga. "Mwalimu, naomba unitunzie hii. Baba watoto akiiona itakuwa kesi."

Ilikuwa kadi ya sindano ya uzazi wa mpango. Mama yule ana watoto watano, wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Nikaipokea, nikaiweka kwenye begi langu chini ya maandalio ya somo. Ndipo nilipoanza kujiuliza: sisi tunaosema kijijini "elimu hakuna", tunazungumzia elimu gani?

Maana takwimu hazituungi mkono. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu kila mwanamke aliyeolewa Tanzania ameshasikia angalau njia moja ya kisasa. Lakini katika kila wanawake 100 walioolewa, wanaotumia njia ya kisasa ni 31 tu. Ukiongeza njia za asili, kama kuhesabu siku, wanafika 38. Utafiti kama huo wa 2015-16 ulikuta 32 kwa njia za kisasa. Yaani kwa miaka yote hiyo tumekaa palepale.

Tusikosee hapa. Siyo kila asiyetumia ana tatizo. Wengine wanatafuta mtoto, wengine wana mimba waliyoitaka, na hiyo ni haki yao. Wa kuangalia ni wale 21 katika 100 ambao wangependa kupumzika kuzaa, au kuacha kabisa, na bado hawatumii njia yoyote. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni hofu ya madhara. Kijijini utasikia damu inajikusanya tumboni, kijiti kinatembea mpaka kwenye moyo, sindano inaleta ugumba. Tukicheka tunakosea, kwa sababu nyuma ya hofu hiyo kuna jambo la kweli. Sindano na vijiti hubadilisha hedhi kweli: anayetumia anaweza kuona damu bila mpangilio, au asione kabisa. Asipoona, damu haijajificha popote. Homoni zimefanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, hivyo hakuna cha kutoka. Na ukiacha sindano, kupata mimba kunaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, lakini uwezo wa kuzaa unarudi. Kijiti kikitolewa, unarudi upesi. Mwanamke aliyeelezwa haya kabla atavumilia, au atarudi kubadilisha njia. Asiyeelezwa ataacha kimyakimya na kuwaonya majirani.

Sababu ya pili ni huduma yenyewe. Kwenye vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure, lakini kitanzi na vijiti vinahitaji mhudumu aliyefunzwa, na zahanati ndogo mara nyingine ina vidonge na sindano tu. Sindano ni kila miezi mitatu. Ukitembea saa mbili ukaambiwa "zimeisha, rudi wiki ijayo", na wiki ijayo ni msimu wa kupalilia, basi tena.

Ya tatu ndiyo iliyoleta kadi chumbani kwangu: mume na ukoo. Kwa mwongozo wa huduma, mwanamke hadaiwi barua ya mume ili apate njia. Kwenye karatasi, sawa. Nyumbani kuna mama mkwe anayehesabu wajukuu, na kuna mume anayeamini kuwa mke anayepanga uzazi ana mpango wa kutoka nje. Ndiyo maana sindano inapendwa na wanaoficha: haionekani mwilini. Inayoonekana ni kadi.

Sasa turudi darasani, maana hii ndiyo kazi tunayoisomea. Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha uzazi, Biolojia kidato cha tatu. Wanafunzi walitaja njia zote bila kukosea: vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, kondomu, kufunga kizazi. Nikafurahi, somo limeeleweka! Mara kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, na kama mume hataki?" Darasa likacheka. Mimi nikajikuta natazama andalio la somo. Hakukuwa na kitu humo. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho, na kusema kweli hatukuendelea.

Tunafundisha orodha kwa ajili ya mtihani, kisha tunashangaa watu wanajua ila hawatumii. Yule kijana alikuwa anauliza jambo litakalomkuta yeye mwenyewe akiwa mume. Jibu lake lilipaswa kuanzia palepale: kwamba watoto wanapangwa na watu wawili, kwamba wataalamu wanashauri mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na kwamba baba anaweza kwenda kliniki na mkewe akauliza maswali yake yote.

Na nyie kaka zangu wa humu chuoni, msidhani haya ni mambo ya vijijini. Baadhi yetu tumeshaoa na kuolewa, wengi tuko njiani. Mmewahi kulizungumza hili na wenzi wenu, au mnasubiri mtoto wa tatu?

Wiki nane za fildi zilipoisha nilimrudishia mama kadi yake. Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwa bado siku kumi na mbili. Aliigeuza mkononi, akaniuliza, "Sasa nitaiweka wapi, mwalimu?"