Mto Malaba: Mdogo kwa Umbo, Mkubwa kwa Kazi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Askari aliyepata kufanya doria katika mpaka wa Busia na Tororo ameuvuka mto Malaba mara nyingi bila kuutazama. Kwake huo ni mstari wa ramani tu: ng'ambo hii Uganda, ng'ambo ile Kenya. Sisi nasi tulikuwa hivyo, hata siku tulipoondoka gombolola ya Bulumbi tukaufuata kuelekea chanzo chake, tupate kujua hasa tunalinda kitu gani.

Chanzo hicho ki katika Mlima Elgon, ambao kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Huko juu mto huitwa Lwakhakha, nao huporomoka kwa kasi baina ya nchi mbili. Katika wilaya ya Namisindwa, kasi hiyo imetiwa kazini. Kituo cha umeme cha Lwakhakha, kilichojengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, kina uwezo wa megawati 6.7. Hapana ziwa kubwa lililochimbwa hapo. Maji hukingwa, huteremshwa kwa bomba, huzungusha mitambo, kisha hurudishwa mtoni. Mto hautozwi maji yake, bali nguvu ya kuanguka kwake.

Ukishafika tambarare, mto hupunguza mwendo na kuchukua jina la Malaba, penye daraja la mpakani lipitalo malori usiku na mchana. Kutoka hapo huingia Uganda, hupita mabwawa ya mafunjo, hujiunga na mto Mpologoma na kumwagikia Ziwa Kyoga.

Kusini-mashariki ya Bulumbi uko mto mwingine wa mpakani, nao ni Sio. Huo hukimbilia Ziwa Viktoria. Lakini maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, yakaendesha kituo cha Nalubaale, kilichofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, kisha Kiira, Bujagali na Isimba, hata yakaingia Kyoga. Basi ndugu hao wawili walioagana mpakani hukutana tena, wakashuka pamoja hadi Karuma, penye kituo cha megawati 600 kilichozinduliwa mwaka 2024.

Ndugu msomaji, mpaka huu si wa kale sana. Kabla ya mwaka 1902 nchi hii, hata mbali upande wa mashariki, ilikuwa chini ya utawala mmoja wa Uganda. Kalamu ya wakoloni iliwagawa watu, haikuyagawa maji. Wala umeme haukugawanyika: mwaka 1954 iliundwa kampuni ya kuvuta umeme wa Uganda kupitia Tororo hadi Nairobi.

Je, ni nani adui wa mto huu? Adui mkubwa ni udongo. Mteremko unapofyekwa na kulimwa hadi ukingoni, mvua huubeba udongo na kuutupa mtoni. Mchanga husaga chuma cha mitambo na kuziba njia za maji. Kiangazi nacho kikija, ardhi iliyo uchi haina maji ya kutoa. Tena mlima ulio uchi huua. Tarehe 1 Machi 2010, maporomoko ya ardhi yalifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, katika mlima huohuo. Wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliochimba matope kuwatafuta waliofukiwa. Jembe lililookoa siku ile lingetumika vyema zaidi miaka iliyotangulia, katika kupanda miti.

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2000 zinahifadhi ukanda wa mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo, na mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa. Ndugu zetu wa polisi wanaombwa kuzijua kanuni hizo kama wanavyozijua sheria za barabarani, na kuzieleza kwa upole kabla ya kukamata; kwani mkulima alimaye ukingoni mara nyingi hana shamba jingine. Na sisi wa jeshi tuanzie kambini petu: tusikate mti wa ukingoni kwa ajili ya kuni, tusiwafumbie macho wachoma makaa, wala wezi wang'oao vyuma vya nguzo za umeme.

Siku tuliporudi Bulumbi giza lilikuwa limekwisha ingia, na taa za Busia zilionekana kwa mbali. Tulikumbuka maji tuliyoyaona asubuhi chini ya daraja la Malaba, mekundu kama tofali. Wekundu ule ulikuwa udongo wa mashamba ya watu. Mlinzi wa mpaka aulinde na mto wake.