Siri ya nyumba ya wageni iliyozaliwa na kifo cha mtoto

THELUJI imeziba barabara. Laini ya simu imekatwa. Ndani ya nyumba ya wageni iliyoko mashambani mwa Uingereza, watu wanane wamekwama pamoja, na mmoja wao ni muuaji.

Huo ndio mkasa wa tamthilia The Mousetrap, yaani Mtego wa Panya, ya mwandishi Agatha Christie. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa jijini London mnamo Novemba 25, 1952, na ndio unaoshikilia rekodi ya kuigizwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Mnamo Novemba 2012, uliigizwa kwa mara ya 25,000. Ni janga la corona pekee lililoukatiza, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021.

Hata hivyo, wengi wanaoketi ukumbini na kuburudika kwa kitendawili hicho hawajui kwamba mbegu yake ni kisa cha kweli, tena cha kuhuzunisha mno.

Mnamo 1944, mamlaka ya mji wa Newport, kusini mwa Wales, iliwapeleka mvulana Dennis O'Neill na ndugu yake mdogo, Terence, kulelewa katika shamba moja lililoko eneo la Shropshire. Watoto hao walikuwa wameondolewa kwa wazazi wao ili wapate matunzo bora. Badala yake walipata njaa, baridi na kichapo.

Dennis alifariki Januari 9, 1945, akiwa na umri wa miaka 12. Mwenye shamba alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kosa la kuua bila kukusudia, naye mkewe akafungwa miezi sita kwa kumtelekeza mtoto huyo.

Kisa hicho kiliwashtua Waingereza, hata ingawa vita vilikuwa bado vinaendelea. Swali lililoulizwa halikuwa tu nani alimpiga mtoto, bali pia nani aliyepaswa kumtazama na hakufanya hivyo. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Walter Monckton ulifichua uzembe na ukosefu wa mawasiliano kati ya maafisa wa maeneo mawili, kila upande ukidhani mwenzake anawajibika. Ghadhabu hiyo ilichangia kupatikana kwa Sheria ya Watoto ya 1948, iliyozilazimu serikali za mitaa kuwa na kamati na maafisa wa kushughulikia maslahi ya watoto wasio na makao.

Miaka miwili baada ya kifo hicho, shirika la utangazaji la BBC lilimwomba Christie aandike mchezo mfupi wa redio kwa heshima ya Malkia Mary, aliyekuwa akitimiza umri wa miaka 80. Mchezo huo ulitangazwa Mei 1947. Baadaye mwandishi aliugeuza kuwa hadithi fupi, kisha akaupanua kuwa tamthilia ya jukwaani.

Katika tamthilia hiyo, mume na mke waliooana karibuni, Mollie na Giles Ralston, wanaamua kupokea wageni wa kulipa katika nyumba kubwa ambayo Mollie alirithi kutoka kwa shangazi yake. Hawana uzoefu wowote wa kazi hiyo. Wageni wanapowasili mmoja mmoja, redio inatangaza kwamba mwanamke ameuawa jijini London. Kisha anafika Sajini Trotter, ambaye amevuka theluji kwa mbao za kuteleza, na kueleza kuwa mauaji hayo yanahusiana na shamba ambako watoto watatu waliteswa na mmoja wao akafa.

Muda si muda, taa zinazimwa. Zinapowashwa tena, mmoja wa waliomo nyumbani ameaga dunia.

Kwa nini nyumba ya wageni? Sababu ya kwanza ni kwamba humo hukutana watu ambao katika hali ya kawaida wasingekutana. Kijijini kila mtu anajua ukoo wa mwenzake. Mgeni wa kulala, kinyume na hayo, hujulikana kwa jina alilojitambulisha nalo tu, na iwapo amedanganya, hakuna wa kumkanusha.

Pili, baada ya Vita Vikuu vya Pili, jambo hilo lilikuwa la kawaida Uingereza. Watumishi walikuwa haba na nyumba kubwa zilikuwa ghali kutunza, hivyo baadhi ya wenye nyumba waligeukia wageni wa kulipa. Hofu ya kulaza nyumbani mtu usiyemjua ilikuwa hofu ya kweli.

Tatu, mlango unapofungwa na theluji, idadi ya washukiwa haiwezi kuongezeka. Msomaji au mtazamaji ana hakika kuwa jibu limo mbele ya macho yake, na kwamba ana nafasi sawa na mpelelezi ya kulipata. Damu haimwagwi ovyo, na chai huendelea kuandaliwa. Utulivu huo ndio unaofanya tuhuma iume zaidi.

Wapenzi wa riwaya za Kiswahili wanaufahamu mvuto huo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliwapa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960, ambamo fumbo la kifo hufumbuliwa kwa kutumia akili badala ya bastola.

Christie mwenyewe hakutarajia makuu. Alikadiria kwamba mchezo wake ungedumu miezi minane, huku mtayarishaji wake, Peter Saunders, akikisia miezi 14. Mwandishi huyo alifariki Januari 1976, na mchezo ukaendelea bila yeye. Haki za mapato yake alikuwa amempa mjukuu wake, Mathew Prichard, kama zawadi.

Siri pia imelindwa kwa makusudi. Haki za filamu ziliuzwa kwa masharti kwamba isitengenezwe hadi mchezo utakapokuwa umekoma London kwa angalau miezi sita. Aidha, kila onyesho linapokwisha, watazamaji huombwa wasimtaje muuaji nje ya ukumbi, na wengi wao hutii.

Hata bila kumtaja, jambo moja ni wazi. Muuaji wa jukwaani anaongozwa na kisasi dhidi ya watu wazima waliojua, au waliopaswa kujua, lakini wakanyamaza. Terence O'Neill, aliyenusurika katika shamba lile la Shropshire, alisimulia mateso yao katika kitabu alichokitoa 2010. Kwake yeye, hilo halikuwa fumbo la kuburudisha jioni.