Akishavua sare, nani humshika mkono?

Hebu fikiria, msomaji, kwamba una mpwa wako Marekani. Alienda kusoma, karo ikamshinda, akajiunga na jeshi. Hadithi hiyo si ngeni kwetu. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi la nchi hiyo lilikuwa na mpango wa kuwaandikisha wageni wenye lugha au taaluma iliyohitajika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Baadhi ya vijana wetu walipitia mlango huo wakapata uraia upesi.

Sasa miaka yake imekwisha. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na leo anatafuta kazi. Atamweleza nini mwajiri ambaye hajawahi kukanyaga kambini? Na huku nyumbani simu haziishi: karo ya mdogo wake, bili ya hospitali ya nyanya. Anayepiga hajui kwamba mshahara umekatika.

Watu wapatao 200,000 huacha jeshi la Marekani kila mwaka. Usidhani taabu yao ni ya tumbo tu. Kambini mtu alijua saa ya kuamka, mkubwa wa kumwamuru na mwenzake wa kufa kuzikana. Vyote hivyo humtoka kwa siku moja. Mwaka wa kwanza umeonekana kuwa wa hatari hasa, kwani wapo wanaojitoa uhai. Ndiyo sababu Januari 2018 rais wa nchi hiyo alitia sahihi amri ya kuhakikisha wanapata huduma za afya ya akili katika miezi hiyo 12.

Lakini kuna msaada ambao hautoki kwa rais. Ni ule wa askari wa zamani wanaoshikana mikono kuingia katika kazi ya kulinda kompyuta dhidi ya wadukuzi. Marekani wana chama kiitwacho VetSec. Uingereza wana TechVets, kilichoanza 2018. Humo utamkuta aliyekwisha kupata kazi na yule ambaye ndio kwanza anauliza njia.

Kwa nini kazi hii na si nyingine? Mlinzi wa mitandao hukaa zamu, usiku na mchana, akitazama kioo cha kompyuta: nani ameingia, ametoka wapi, na je, ana haki ya kuwa hapo? Aghalabu hakuna jambo. Siku likizuka, sharti atulie, afuate utaratibu, aandike ripoti na kumjulisha mkubwa wake. Mtu aliyelinda lango la kambi saa nane za usiku hahitaji kufundishwa subira hiyo. Asichokijua ni kompyuta yenyewe, nayo hufundishika.

Wapo waliofika mbali. David Kennedy, aliyekuwa katika kikosi cha Marines, alianzisha kampuni ya TrustedSec mwaka wa 2012. Robert M. Lee, afisa wa zamani wa jeshi la angani, ni mmoja wa walioanzisha Dragos, kampuni inayolinda mitambo ya umeme na viwanda. Lakini hao walizoea kompyuta tangu wakiwa jeshini. Mpwa wako aliendesha lori.

Kwa dereva wa lori, msaada huanza na jambo dogo sana: lugha. Wasifukazi wake umejaa vyeo na vifupisho asivyovielewa meneja wa kiraia. Mwenzake aliyemtangulia huketi naye na kumhoji. Msafara ulikuwa na magari mangapi? Nani alipanga njia? Redio zile za siri zilikuwa mikononi mwa nani? Kumbe jamaa alisimamia magari 20, watu wake na mawasiliano yasiyotakiwa kumfikia adui! Hayo yakiandikwa kwa maneno ya kawaida, ghafla yanaonekana kuwa kazi.

Kisha huja maswali ya pesa na muda, ambayo ofisi huyajibu kwa vijitabu vinene. Tangu 2009 serikali huwalipia masomo ya hadi miezi 36, na hata ada ya mtihani wa cheti, hadi dola 2,000 kwa mtihani mmoja. Askari anaweza pia kuruhusiwa kufanya kazi katika kampuni siku zake za mwisho, hadi siku 180, huku jeshi likimlipa mshahara, ingawa vikosi vingine vimefupisha muda huo kulingana na cheo. Tena kuna kibali cha kushughulikia siri za serikali, ambacho waajiri wengi hukithamini. Akikaa zaidi ya miaka miwili bila kazi inayokihitaji, huenda akalazimika kuchunguzwa upya. Hayo ni heri uambiwe mapema na aliyekwisha kuumwa.

Wengi huanza na cheti cha Security+: maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na sharti upate alama 750 kati ya 900. Husomea usiku, watoto wakishalala, wakiulizana maswali. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sitakuficha, msomaji, kwamba cheti hakifungui kila mlango. Kuna vyuo vinavyoiwinda pesa ile ya serikali kwa matangazo matamu, na kampuni zinazodai uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya anayeanza. Huenda sajini aliyeamuru watu 30 akaanzia kwenye simu, akiwasaidia makarani waliosahau nywila, na bosi wake ni kijana anayeweza kuwa mwanawe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwenzake humfaa zaidi kuliko kitabu. Huyo naye alipokea simu hizo, akanyamaza, akapanda.

Basi ukimpigia mpwa wako, kabla ya habari za karo mwulize anatoka lini. Matayarisho rasmi ya kuondoka yanapaswa kuanza angalau siku 365 kabla. Mwulize pia kama amempata mtu wa kikosi chake aliyekwisha kutoka, na kama mtu huyo hushika simu akipigiwa usiku.