Kifo Hakingoji Mhuri

Mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga uliwagawa Wadigo, lakini haukukata udugu wao. Mwaka 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukafunguliwa mwaka 1983. Mama huku, mwana kule.

Leo njia i wazi, bali yataka hati. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka baina ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aendaye Kenya achukue pasi au hati ya dharura ya safari. Na mtoto awe na yake.

Wadigo wengi ni Waislamu, nao huzika upesi. Basi, mfanyakazi, usingoje habari ya msiba ndipo ukimbilie Uhamiaji. Shughulikia hati yako sasa, jamaa zako wakiwa hai.